Swali Chini ya Kitambaa

Juma lililopita nilirudisha funguo za karakana, na kijana aliyezipokea akaniuliza ni kazi gani iliyonishinda katika miaka yangu yote. Nilimjibu haraka, nikataja redio moja ya Izimbya ambayo mpaka leo inanung'unika. Nilipofika nyumbani Nshambya nikaona nimemdanganya. Redio ile nilichoka nayo tu. Kazi iliyonishinda niliimaliza kwa saa moja na nusu, nikapewa chai na mihogo, nikashukuriwa. Naiandika kwa ajili yenu mliobaki na vifaa vyangu, kwa kuwa Mungu amenijalia uzima na macho yanayoona kalamu, na kwa kuwa wengi waliokuwapo siku ile hawapo tena kunikosoa.

Nilianza kazi wakati wa vita. Nilikuwa nimetoka seminari ndogo bila kuendelea, jambo ambalo mama yangu alichukua miaka mingi kulisamehe, na Bruda Anselmi, fundi wa misheni, akanichukua kwenye karakana yake hapa Bukoba. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuficha. Mizinga ilipoanza kusikika kutoka upande wa mpakani, tulibeba taipureta tano kwa toroli, tukazifukia kwenye migomba chini ya majani makavu, kila moja imefungwa kwa gunia la kahawa. Bruda aliandika kwenye daftari mgomba upi una mashine ipi. Vita ilipokwisha tulizikuta zote. Moja ilikuwa na familia ya panya ndani, na nadhani hao ndio walioishi kwa raha kuliko sisi wote mwaka ule.

Baada ya kuzifukua nilidhani sasa nitafundishwa kutengeneza. Karani mmoja wa misheni alilalamika kwamba taipureta yake inaruka mstari. Nilishika bisibisi nikaelekea kwenye skrubu ya kwanza, Bruda akaichukua mkononi mwangu.

"Kaa," akasema.

"Nikae wapi, Bruda?"

"Kwenye kiti. Mwache aandike."

Nilikaa kando ya yule karani asubuhi nzima, nikiona aibu, naye akiona aibu zaidi. Karibu na saa nne nikaona. Alikuwa amezungusha rozari kwenye mkono wa kushoto, na mara kwa mara msalaba wake ulinasa kwenye kile chuma cha kusogeza mstari. Nilipomweleza Bruda hakunisifu. Aliniuliza tu, "Ungeifungua mashine, ungetafuta nini? Mkono wake haumo ndani."

Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Alikuwa akienda na kiti chake cha kukunja, anakaa, anamtazama mtu akifanya kazi yake ya kawaida, na sanduku la vifaa liko miguuni limefungwa. Watu waliokuwa na haraka hawakumpenda. Mimi nilimpenda, na nilidhani nimemwelewa.

Kisha ikaja miaka ya ule ugonjwa ambao mwanzoni hatukuutaja jina. Ninyi mmeusikia kwenye mafunzo. Sisi tulikuwa na majuma ambayo bisibisi iliwekwa chini mara tatu ili twende kuzika. Karani aliyekuletea mashine mwezi huu, mwezi ujao ikaja imebebwa na mwingine, na hukuuliza. Kila kijiji kilikuwa na nyumba ya bibi na wajukuu saba, na katikati hakuna mtu. Nimshukuru Mungu nilibaki, wala sijui kwa nini nilibaki mimi.

Huko Muleba parokia ilifungua ofisi ndogo ya yatima. Aliyeishika alikuwa Mama Adventina, mwalimu mstaafu, mjane, aliyekuwa akilea watoto wa marehemu kaka yake. Kazi yake ilikuwa hii: mzazi aliyejua kwamba hatapona alikuja mwenyewe, akasema kwa kinywa chake watoto wake ni nani, na angependa wachukuliwe na nani, anayeishi wapi. Kwa watu wetu wa vijijini, wenye kibanja na ukoo unaojulikana, hilo lilikuwa la kusaidia tu, maana hata bila karatasi majirani walijua. Lakini kwa watu wa visiwani, waliokuja kuvua na kuchuuza samaki kutoka kila upande wa ziwa, karatasi ile ndiyo iliyokuwa ukoo wao.

Mama Adventina aliandika kila kitu kwenye daftari kubwa kwa rula na mwandiko wa ubaoni. Wafadhili walipoleta kompyuta, mimi ndiye niliyeifunga, kwa kuwa nilikuwa nimepelekwa Mwanza kwa kozi fupi na kurudi nikijiona. Nikamkuta baadaye anaandika kwanza kwenye daftari, ndipo anachapa.

"Mama Adventina, unaandika mara mbili kama mtoto aliyepewa adhabu?"

"Fundi, mkono wangu naujua. Huyu mgeni simjui."

"Utamjua. Mtu akisema, wewe chapa humu moja kwa moja. Jioni ukifunga itakuuliza kama ihifadhi, unasema ndiyo, umemaliza."

Alikuwa mwanamke mtiifu kwa mtu aliyemdhania ana elimu. Daftari akaliweka kabatini. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha: alifuma kitambaa cha uzi mweupe chenye ncha za waridi, akakitia uji wa muhogo kikasimama vizuri, na kila jioni aliifunika skrini nacho, kama kila nyumba ya heshima inavyofunika redio yake. Nilikicheka kitambaa hicho pia.

Haikupita miezi mingi nikaletewa ujumbe kwamba kompyuta ya Muleba inaganda wakati wa kuzimwa. Nilikwenda asubuhi, msimu wa senene. Nje ya ofisi, kwenye benchi, walikaa watu sita wakingoja zamu yao. Wa karibu na mlango alivuta miguu nipite na sanduku langu. Nikaingia, nikafunga mlango, wakaningoja mimi.

"Haya, Mama Adventina. Mgonjwa anaumwa wapi?"

"Haizimi. Jioni naiambia izime, naifunika, nakwenda zangu. Asubuhi nakuta inanguruma, kioo cheusi. Nikibonyeza hiki kitufe kikubwa cha kibodi, inashtuka, halafu inazima yenyewe."

"Inashtuka?"

"Kama mtu aliyesinzia misani."

Nilicheka sana. Ninyi mnaosoma mnaona kwamba mwanamke yule alikuwa amenipa jibu lote mkononi. Mimi niliona kichekesho cha kwenda kuwasimulia wenzangu.

Nilifanya nilichofundishwa. Niliizima, ikazima. Nikaiwasha, nikaizima tena, ikazima. Mara ya tatu, vilevile. Nikachomoa waya wa printa nikajaribu, nikaurudisha nikajaribu. Nikafungua kasha na kukuta ndani senene watatu waliokauka. Niliwatoa kwa kibano, nikawapanga mezani kama mwindaji.

"Huyu ndiye mchawi wako."

Mama Adventina aliwatazama. "Fundi, hawa wamekuja juzi. Mashine ina ugonjwa tangu Septemba."

"Basi ni umeme wenu."

"Asubuhi haina neno. Inafanya jioni. Kaa basi mpaka jioni uone mwenyewe."

"Mashine haijui asubuhi wala jioni, Mama. Na lifti yangu ya Izimbya inaondoka saa sita."

"Padre hataki ikeshe. Anaogopa moto."

Hapo ndipo nilipotoa ushauri ambao nimeukiri kwa padre, nikaondolewa dhambi, na bado naukumbuka neno kwa neno. Nilimwambia, "Ukishaiambia izime, hesabu mpaka mia. Ikiwa bado inanguruma, chomoa plagi."

"Haitapoteza kitu?"

"Itapoteza nini, na kazi umeshamaliza?"

Akaleta chai na mihogo. Nilikula kwa haraka, nikatoka, lifti nikaiwahi. Nyuma yangu alianza kuwaita wale sita, mmoja mmoja, na kuchapa maneno yao moja kwa moja kwenye mashine, kama nilivyomfundisha. Jioni aliiambia mashine izime, akaifunika, akasimama mbele ya kitambaa akahesabu mpaka mia. Ilikuwa bado inanguruma. Akachomoa.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu alipofungua rejesta, wale sita hawakuwamo. Alidhani kosa ni lake. Alitafuta siku mbili bila kumwambia mtu, na baadaye aliniambia kwamba alisali mpaka kwa Mtakatifu Antoni, anayetafuta vilivyopotea. Siku ya tatu akanitumia ujumbe.

Safari hii sikubeba haraka. Nilikwenda na kiti cha kukunja, kilekile cha Bruda, ambacho alikuwa amenipa alipoacha kazi, nami nilikuwa nimekigeuza cha kuwekea ndoo. Nilikaa tangu saa mbili. Mama Adventina alichapa rejesta. Padre akaleta barua ya kuchapwa. Basi Mama akaishusha rejesta chini ya skrini, ikawa kama kijistari tu, akachapa barua. Saa kumi alimaliza barua, akaifunga. Rejesta ilibaki pale chini, wazi, kwa kuwa machoni pake ilikuwa imeondoka. Akaiambia mashine izime. Palepale, kabla hata ya kuvuta pumzi, akachukua kitambaa akaifunika, akanyoosha ncha za waridi kwa vidole, akaniangalia.

"Umeona? Inanguruma."

Nilinyanyua kona ya kitambaa. Katikati ya skrini palikuwa na kijisanduku chenye swali: je, unataka kuhifadhi mabadiliko ya rejesta? Chini yake neno la ndiyo limewekewa alama, likingoja kitufe kikubwa kibonyezwe.

Mashine haikuwa imeganda. Ilikuwa inangoja kujibiwa. Kila usiku iliuliza chini ya kitambaa, kioo kikajizima kwa kuchoka, na kila asubuhi Mama Adventina aliibonyeza ili kuiamsha, kumbe anaijibu ndiyo. Inahifadhi, inazima. Miezi yote ile alikuwa akiokoa kazi yake bila kujua. Siku ya kwanza aliyoipoteza ilikuwa siku aliyonisikiliza mimi. Na mimi asubuhi ile niliijaribu ikiwa haina rejesta wala barua iliyofunguliwa, ingeniuliza nini?

Mama Adventina alisoma swali lile taratibu. "Kumbe ilikuwa inauliza."

"Ilikuwa inauliza."

"Na mimi naifunika mdomo."

"Hapana, Mama. Wewe ulinieleza yote."

Alikunja kitambaa mara nne, akakiweka kabatini, akatoa daftari.

Watano kati ya wale sita walikuwa wa vijiji vya jirani. Walirudi, mmoja akiwa amebebwa kwenye baiskeli, wakasema upya maneno yao. Wa sita, yule aliyekaa karibu na mlango, alikuwa mchuuzi wa dagaa kutoka kisiwani, mwenye mtoto mmoja wa kike. Mama Adventina alikumbuka kwamba alitaka mtoto aende kwa mdogo wake, fundi cherehani, anayekaa karibu na mnada fulani ng'ambo ya ziwa. Jina la huyo mdogo mtu, la kijiji, na hata la mama mwenyewe, hakuyakumbuka. "Nilichapa ili nisiyabebe kichwani," aliniambia. Siku ile alikuwa amesikia habari za kufa za watu sita. Nani angebeba?

Tulivuka naye kwa mtumbwi wa injini wa wachuuzi. Kisiwani tulimkuta mama mmoja akigeuza dagaa kwenye mchanga, tukamuuliza.

"Mama Kabula? Mmechelewa siku nne. Tumemzika kule juu."

"Pole sana, mama," Mama Adventina akasema. "Jina lake yeye alikuwa nani?"

"Mama Kabula."

"Hilo la mtoto. Lake mwenyewe?"

"Mwalimu, hapa kila mtu ana jina la mtoto au la mtumbwi. Hilo jingine wanalijua huko alikotoka."

"Alitoka wapi?"

"Ng'ambo," akasema, akaonyesha ziwa lote kwa mkono mmoja.

Kabula mwenyewe alikuwa na umri wa kama miaka sita. Alikuwa amekaa ndani ya karai tupu, akijificha jua. Mama Adventina alichuchumaa.

"Mwanangu, mama yako ana mdogo wake, eti?"

"Mama mdogo."

"Anaitwa nani?"

"Mama mdogo," akarudia kwa sauti kubwa, kama anayesema na mtu asiyesikia vizuri.

Tulirudi naye. Tulitoa tangazo redioni. Tuliandika barua kwa parokia za ng'ambo, tukiuliza habari za fundi cherehani aliyefiwa na dada. Majibu yalikuja mengi. Miaka ile mafundi cherehani waliofiwa na dada walikuwa kila mahali. Hakuna aliyemjua Kabula. Mwishowe familia moja ya Kishanda, watu wa ibada wenye migomba na kahawa yao na watoto wao watano, ikamchukua akawa wa sita. Walimpenda. Sitaki mtu asome hapa adhani aliteswa. Alilelewa vema, akasomeshwa, akasema Kihaya vizuri kuliko mimi, na lugha ya mama yake ikamtoka yote.

Nilikwenda kumweleza Bruda Anselmi. Alikuwa mzee sana, amekaa kibarazani kwenye nyumba ya wazee wa shirika. Nilimsimulia kuanzia senene mpaka karai. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Ulikaa?" akauliza.

"Mara ya kwanza sikukaa, Bruda."

Alinisogezea kikapu cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, tukatafuna wote wawili mpaka kengele ya sala ikalia.

Tangu hapo nimetengeneza mashine nyingi zinazoganda wakati wa kuzimwa, na mtazikuta nyingi. Angalieni kwanza kama kuna kitu kilichoachwa wazi. Fungeni kimoja kimoja kwa mkono, mkihifadhi, ndipo mzime, na msiondoke mbele ya skrini mpaka iwe nyeusi. Ikiendelea kukataa, chomoeni printa na vingine vya pembeni, kimoja baada ya kingine. Plagi iwe ya mwisho kabisa, na kabla yake muulizeni mwenye mashine ameandika nini leo. Haya yamo vitabuni mwenu. Ambalo halimo ni kwamba mtu anapowaambia mashine yake inashtuka, mumwombe aishtushe mbele yenu.

Mama Adventina alifariki miaka kadhaa iliyopita, kwa uzee, neema ambayo wengi wa rika lake hawakuipata. Daftari hakuliacha tena. Kabla hajafa alimwita Kabula, akamweleza yote, akamwambia, "Nenda kwa fundi. Naye alipita mbele ya mama yako."

Hakuja mapema. Amekuja juzi, hapa Nshambya, siku ya tatu baada ya mimi kuacha kazi. Sasa ni mwalimu, ameolewa, na mgongoni alikuwa na binti wa majuma matatu. Mke wangu alimpa kiti, akampokea mtoto. Kabula aliniamkia, akaketi, akaenda moja kwa moja.

"Baba, nataka kumpa mtoto jina la mama yangu."

"Mwanangu, silijui. Lilikuwa kwenye mashine."

"Mama Adventina aliniambia. Lakini wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Naweza kuwaambia ninyi rangi ya kasha la kompyuta ile, idadi ya skrubu za mgongoni, na ipi kati yao iliyokuwa imekula kutu. Naweza kuwaambia senene walikuwa watatu, na wawili wao wa kijani. Kabula aliuliza kama mama yake alikuwa mrefu. Aliuliza kama alivaa kitenge au gauni. Aliuliza kama anafanana naye, akageuza uso kuelekea mlangoni ili mwanga umpate, nami nikamtazama muda mrefu.

"Sikumwangalia, mwanangu," nikasema. "Nisamehe."

"Ulikuwa unaiangalia mashine," akasema, bila ukali. Akanyoosha mikono amchukue mtoto wake.

Ndipo likanijia, kwa kuwa Kabula alikuwa ameketi karibu na mlango na mke wangu alitaka kupita na sinia la chai, naye akavuta miguu.

"Alinena neno," nikamwambia. "Alikuwa wa karibu na mlango. Nilikuwa na sanduku zito, naye akavuta miguu, akasema, 'Pita, fundi.'"

Kabula akasogeza kiti.

"Basi?"

"Basi. 'Pita, fundi.'"

"Kwa sauti gani?"

"Ya chini. Kidogo imekauka. Lakini alisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha kwake."

Alimweka mtoto begani, akamshika kichwa kwa kiganja, akaniomba niseme tena.